Aliyekataa Kuitwa Ndama Kwenye Chumvi ya Balangida

Siku ile tulikuwa hawa. Mimi Martina Hhando, mpishi na mtembeza wageni, wa Dongobesh. Udagwenga, rafiki yangu na mwenzangu wa kazi, Mbarbaig mzaliwa wa Getanuwas, aliyeolewa kando ya ziwa la chumvi. Elias Bura, dereva wetu, mtoto wa kaka yangu mkubwa. Nesi Zubeda wa Tanga, aliyekuwa amepanga kwangu chumba cha uani, na ndiye aliyeiomba ile safari. Mwalimu Petro, mkuu wa shule, mtu wa Bukoba. Na walimu wake wawili, Jenista wa Songea na Hamisi wa Kondoa. Mzee mwenye mji tuliyemkuta baadaye nitamtaja tukifika kwake, maana yeye hatukwenda naye.

Nimeanza na watu, wajukuu zangu, kwa sababu kazi hii inaanza na watu. Nyinyi mnaotembeza wageni siku hizi mnaanza na picha. Mnamwonyesha mgeni kwenye simu, ziwa hili, mlima ule, chagua. Sawa, simu ni nzuri. Lakini sisi mgeni akishuka kwenye gari tulimuuliza kwanza: unaitwa nani, umezaliwa wapi, mama yako yu hai? Akijibu hayo, tayari nilikuwa najua kama ni wa kumpeleka msituni Nou, kwenye kivuli na maji baridi, au ni wa kumpeleka juani. Wako watu ambao mama zao wametangulia karibuni. Hao msiwapeleke kwenye chumvi, pale pamekaa kimya mno. Wapelekeni Basotu, wakaone viboko wanavyogombana majini kama wake wenza. Watacheka wapende wasipende.

Shule mimi niliishia darasa la nne. Baba alisema ng'ombe hawawezi kujichunga. Ndiyo maana mwandiko wangu umelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na Mwalimu Jenista akinisomea anapinda shingo. Lakini ng'ombe walinipa vitu viwili nilivyokuja kula navyo mkate: majina na sauti. Ng'ombe wa baba wote niliwajua kwa majina, na wa jirani pia, na nilijua kumwita mmoja aliyeko ng'ambo ya bonde, wengine wasigeuke. Ukiweza hilo, wageni ni rahisi. Wageni hawana hata mikia ya kukuchanganya.

Kazi yenyewe ilinikuta jikoni. Walimu na wauguzi wanaoletwa huku kutoka mikoa mingine, siku za kwanza wanakaa ndani wamejifunika blanketi wakilalamika baridi ya asubuhi. Jumamosi ikifika wanasema hakuna pa kwenda. Hakuna pa kwenda! Huku kwetu! Nilikuwa nauza chai na maandazi stendi, nikawa nawasikia hivyo kila wiki, inaniuma kama mtu amemtukana mtoto wangu. Siku moja nikawaambia, nyie watoto, vaeni viatu, bebeni chapati hizo, twende. Nikawapeleka Tlawi kwa miguu sehemu na kwa gari sehemu. Wakakaa kando ya ziwa wakila chapati, jua limewapiga mgongoni vizuri, na mmoja akasema, "Mama Martina, kumbe umetuficha hivi?" Basi. Tangu hapo nikawa mtembeza wageni, na maandazi akayarithi mke wa Elias.

Niwape ujuzi kidogo kabla sijasahau, maana nikianza habari ya Petro sitarudi nyuma.

Jua la upande wa Hanang si kama la kwetu juu Mbulu. Huku juu linakupapasa, kule chini linakushika. Mgeni avae kofia, sawa, lakini kwenye chumvi jua linatoka chini pia. Chumvi ni nyeupe, inalirudisha. Nimeona watu wenye kofia pana kama ungo wamerudi wameungua chini ya kidevu na ndani ya pua. Wafunge kitenge shingoni mpaka mdomoni. Watawacheka kwanza, jioni watawashukuru. Viatu vya ngozi wasivae, chumvi inavila. Na maji msiwape wachague, wapeni tu. Mgeni akiulizwa "unataka maji?" anasema bado.

Masakta wakati wa alizeti, msipite bila kumwona mwenye shamba. Ni pazuri, najua, njano mpaka macho yanachoka. Lakini yule baba alilima kwa jembe na mgongo wake. Mwombeni, msalimieni vizuri, shikamoo yake ikae mahali pake, na atawaonyesha mwenyewe njia ya katikati ya mistari. Kuna wakati kijana mmoja wa mjini aliingia kupiga picha bila kuomba, mama mwenye shamba akamwachia mbwa, na picha aliyopata ni ya mbwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mlima Hanang wenyewe si wa siku ya kucheza. Ule aupande mwenye magoti na aliyelala mapema. Wengine watosheke kuutazama wakiwa Katesh wanakunywa chai.

Sasa Balangida.

Kwenda kwenye chumvi sikuwahi kuthubutu peke yangu. Mimi ni Mwiraqw, mtu wa milimani, nimezoea udongo ambao ukiukanyaga unabaki pale pale. Udongo wa ziwa lile hauko hivyo. Juu kuna gamba la chumvi, gumu, linalia chini ya mguu kama ukoko wa wali. Chini yake kuna tope jeusi linalonuka mayai viza. Mahali pengine gamba linabeba ng'ombe, pengine halimbebi mbuzi. Na kwa macho yangu mimi panafanana.

Kwa macho ya Udagwenga hapafanani hata kidogo. Alinifundisha miaka tuliyokwenda pamoja: nyeupe kavu yenye mistari ya kupasuka, pita. Nyeupe inayong'aa kama imepakwa mafuta, zunguka. Ya rangi ya majivu, rudi ulikotoka. Na kama kuna njia ya ng'ombe, ifuate hata kama inapinda, kwa sababu ng'ombe hapindi bila sababu. Ndiye aliyekuwa mwalimu wangu kule chini, ingawa kwa umri mimi ndiye mkubwa na shikamoo ananipa yeye.

Tulikuwa tunataniana sana. Alikuwa akiniambia, "Dada Martina, nyie Wairaqw mtalima mpaka kwenye chumvi hii, mpande maharage." Namwambia, "Na nyie mtakuja kulisha ng'ombe kwenye maharage hayo." Wageni wanadhani tunagombana. Ndivyo tunavyoishi.

Alikuwa na utaratibu wake, na huu ndio nataka muuelewe vizuri. Mwanamke wa Kibarbaig akiolewa, hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji kabisa, hata likiwa la mtu mwingine. Si kwamba anakatazwa kwa fimbo. Ni heshima, anaibeba mdomoni kila siku kama nyie mnavyobeba shikamoo. Anatafuta neno lingine, anazunguka, na wanaomjua wanaelewa. Udagwenga aliolewa msichana, akazaa, akapata wajukuu, na jina lile halijawahi kupita kwenye meno yake.

Sasa wageni wana majina ya kila aina, na hakuna anayejua kesho atashuka nani kwenye gari. Kwa hiyo Udagwenga alikuwa anawapa wote majina ya njiani. Mgeni akishuka, anamtazama anavyoshuka, anampa jina, siku nzima anaitwa hilo. Wageni walilipenda hilo kuliko hata ndege. Kuna daktari mmoja aliitwa Kinu, mpaka leo akinipigia simu anasema, "Mama, hapa ni Kinu."

Siku ile Elias alitushusha kwenye migunga iliyoko ukingoni, jua limeshapanda kidogo. Zubeda akashuka kwanza, mrefu, anatazama juu ya vichwa vyetu. Udagwenga akasema, "Twiga." Zubeda akacheka, akazunguka mara moja ili aonekane vizuri. Jenista akaitwa Njiwa, Hamisi akaitwa Mkia kwa sababu alikuwa wa mwisho kushuka na alikuwa bado anatafuta kiatu. Mwalimu Petro yeye aliruka. Mlango ulipofunguliwa tu akaruka chini na miguu yote miwili, akanyoosha mikono, akasema, "Ah! Hewa!"

"Ndama," akasema Udagwenga, huku anatabasamu. Ndama akifunguliwa asubuhi ndivyo anavyoruka. Kwa mfugaji hakuna jina tamu kuliko hilo, ni sawa na kuambiwa umeupendeza moyo wa mtu.

Petro hakuwa mfugaji. Aliwatazama walimu wake, ambao walikuwa wanacheka na kujizuia. "Mama, samahani," akasema. "Mimi ni mkuu wa shule. Hawa ni walimu wangu. Nina jina langu, naitwa Mwalimu Petro. Naomba uniite hivyo."

Udagwenga akatazama chini, akaanza kukunja shuka lake.

Mnaona lilipo tatizo. Baba mkwe wake alibatizwa akiwa mtu mzima, mwenye mvi, na padri akampa jina la Petro.

"Mwalimu," nikasema, "huyu mama ana desturi..." Udagwenga akanibinya mkono. Mambo ya nyumba yake hapendi yasemwe kwenye mlango wa gari, mbele ya watu asiowajua, kabla hata hawajanywa maji. Nikachukua sufuria ya makande. Elias akasema pembeni yangu, "Shangazi, leo kuna ndama asiye na mama."

Wakaenda. Mimi nilibaki migungani, naweka mafiga, nawasha moto, nawatazama wanavyotoka kwenye kivuli kuingia kwenye weupe ule. Palikuwa pazuri siku hiyo jamani. Mlima Hanang nyuma yetu, hauna hata wingu moja. Mbele chumvi imetandazwa mpaka unakoishia uwezo wa jicho, na kule mbali kwenye maji yaliyobaki, wale ndege, flamingo, wamepanga mstari kama kanga nyekundu imeanikwa. Nilijisemea, hawa watu wa Tanga na Bukoba wataandika kwao nini leo. Nilikuwa na furaha kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Udagwenga aliwapanga nyuma yake kwenye njia ya ng'ombe. Walitii kwa muda. Kisha mkoba wa Zubeda ukafunguka, vitu vikamwagika, upepo wa kutoka mlimani ukachukua kitambaa chake, Hamisi akakikimbilia, wakacheka, wakatawanyika. Ndivyo inavyoanza siku zote. Haianzi na ukaidi, inaanza na kicheko. Udagwenga akainama kumsaidia Zubeda, na aliponyanyua kichwa akamwona Petro ameshatoka kwenye njia. Ameshika simu mbele ya uso wake, anatembea kuelekea kwa ndege, macho yake yako kwenye kioo cha simu. Na mbele yake chumvi inang'aa kama imepakwa mafuta.

Nilimsikia Udagwenga. "Ndama! Ndama, simama!"

Petro akaendelea kutembea.

"Ndama!"

Alisikia. Hilo alilisema mwenyewe baadaye, hakuficha. Alisikia mara zote, ila alikuwa ameshaamua kwamba huyo anayeitwa si yeye.

Udagwenga akamshika Zubeda mkono. "Mwite yule!"

"Nani, mama?"

"Yule! Mwite jina lake, asimame!"

Zubeda alikuwa amepiga magoti anakusanya vitu vyake, hakujua kuna nini. Akapaza sauti, "Mwalimu! Mwalimu!" Na Jenista, aliyekuwa karibu, akageuka kwa adabu zake zote, akaitika, "Abee!" Hamisi naye akasimama na kitambaa mkononi. Waliosimama ni wale ambao hawakuwa na haja ya kusimama. Petro alidhani wanaitwa hao, akazidi kwenda.

Mimi nilikuwa mbali, na mwiko mkononi. Lakini neno lile "Ndama" liliponifikia nilijua ni nani, na jinsi alivyoliita nilijua kuna nini. Nilitupa mwiko. Nikatoka kwenye kivuli, nikaweka mikono mdomoni, nikatoa ile sauti ya ng'ambo ya bonde.

"Petroooo! Petro wa Bukoba! Simama! Usigeuke!"

Akasimama. Mguu wa kulia ulikuwa umeshaingia mpaka juu ya kifundo, na alipousimamia ukaendelea kushuka mpaka goti.

Sikilizeni hapa, wajukuu, maana ndipo mtu anapokufa au asipokufa. Mtu akianza kuzama kwenye chumvi anataka kugeuka akimbie. Akigeuka, anausukuma mguu mzima ili kuuvuta ule mwingine, na gamba linapasuka kwa pande zote. Msimwambie "rudi". Mwambieni asimame, kisha akae. Ndiyo, akae kitako, nyuma yake, kama mtoto. Matako ni mapana kuliko miguu, yanashikwa na gamba. Halafu alale, atandaze mikono, mguu utoke polepole kwa kuzungushwa, si kwa kuvutwa.

"Kaa chini!" nikapiga kelele.

"Nini?"

"Kaa! Kaa kwenye chumvi! Mwanangu, kaa!"

Akakaa. Na suruali yake ya kunyooshwa ile, mkuu wa shule, akakaa. Nilipoangalia, Udagwenga alikuwa ameshafika nusu ya njia. Hakungoja nimalize kuita. Alikuwa ameshalala tumboni anajisogeza kwa viwiko, shuka lake amelitanguliza mbele, na yule mama si mdogo, ana mwili. Akamtupia ncha ya shuka, akamwambia azungushe mguu, azungushe tena, asivute. Hamisi, na Elias aliyekuja mbio kutoka kwenye gari, wakamshika Udagwenga miguu kutoka kwenye gamba kavu. Mguu wa Petro ukatoka bila kiatu, na tope likatoa sauti ambayo siku nyingine ningeicheka.

Walirudi migungani wote wameshakuwa rangi moja. Hakuna aliyeumia. Nikawapa maji bila kuwauliza.

Petro alikunywa, kisha hofu yake ikageuka kuwa hasira, kama inavyokuwa kwa wanaume wengi. "Huyu mama," akasema, akinielekea mimi, kana kwamba Udagwenga hayupo. "Ameniona nakwenda kuzama. Nimemwambia jina langu asubuhi mbele ya watu wote. Akakataa kuliita! Mtu anakufa, yeye analeta mambo ya ndama!"

"Nilikuita, Mwalimu," akasema Udagwenga.

"Uliita Ndama!"

"Ndiye wewe."

Elias akageuka upande wa gari. Nilijua anacheka, nikamwombea asionekane.

"Jumatatu," akasema Petro, "nitawaambia walimu wa shule zote ninazozijua, na hospitali pia, wasije huku na huyu. Wewe, Mama Martina, unajua kazi yako. Lakini ukija na huyu, msituhesabu."

Hapo kazi yetu ilikuwa imeshikwa shingo. Wageni wetu walikuwa ni hao hao, walimu na wauguzi. Mkuu wa shule akisema neno stendi asubuhi, mchana limefika Haydom. Na aliyekuwa anafukuzwa ni mwanamke ambaye tope lilikuwa bado linakauka tumboni mwake kwa ajili ya huyo anayemfukuza.

"Basi na mimi usinihesabu, Mwalimu," nikasema. "Kula makande yako, Elias atakurudisha. Lakini utakula huku unasikiliza."

Safari hii nikamtazama Udagwenga kwanza. Akanikubalia kwa kichwa. Nikawaeleza habari ya jina. Nikamwambia Mwalimu huyo baba mkwe ni nani, kwamba mji wake ndio ule unaoonekana pale mtelemkoni, na kwamba jina lake ni hilo hilo la Mwalimu. Zubeda akashika mdomo. Jenista akasema polepole, "Kwa hiyo asubuhi alishindwa..." Kijiko cha Petro kikasimama.

"Hata mtu akifa?" akauliza. Lakini safari hii alimuuliza Udagwenga mwenyewe.

Udagwenga alifikiri. Kiswahili chake hakina haraka. "Jina lako sina, Mwalimu," akasema. "Miguu ninayo. Nilikuwa nimeshaanza kukufuata."

Makande yakaliwa. Mimi nimesikia watu wakubwa wakihutubia na vipaza sauti, lakini maneno yale nimeyaweka.

Kurudi, ilitubidi kupita kwenye mji wa mzee. Si hiari. Gari likikaa kwenye migunga yake, na wageni wakatembea kwenye malisho yake, huwezi kuondoka bila kumsalimia, hilo nalo liwekeni kichwani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake nje ya zizi, fimbo imelala magotini, ametuona tangu mbali.

Tukasalimia mmoja mmoja. Shikamoo mzee, marahaba. Shikamoo, marahaba. Alipofika Petro, na mguu wake mmoja bila kiatu, mzee akamtazama tope lake kuanzia chini mpaka juu.

"Umelionja ziwa letu," akasema.

"Nimelionja, mzee."

"Unaitwa nani?"

Petro akafungua mdomo. Kisha akamwona Udagwenga, aliyesimama pembeni karibu na mlango, ameshusha macho. Akafunga mdomo. Akatembea hatua chache, mguu wenye kiatu na mguu usio na kiatu, akainama, akamnong'oneza mzee sikioni.

Jamani. Yule mtu aliyepiga kelele za jina lake tangu asubuhi.

Mzee alirudisha kichwa nyuma, akacheka meno yote yaliyobaki yakaonekana. "Sema tu kwa sauti! Mimi ndiye Petro! Wewe ndiye Petro! Asiyesema ni yeye, sisi tunasema!" Akampiga begani kwa kiganja. "Wajina wangu amepoteza kiatu kwenye malisho yangu! Lete kigoda!"

Kikaletwa kigoda, kikawekwa kando ya chake, upande ule ambao wageni hawakai. "Ukiwa na jina langu," mzee akamwambia, "basi huyu ni mkwe wako kama alivyo mkwe wangu. Utaona."

Udagwenga akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa. Alikuwa amejinawa, amejifunika shuka safi. Hakupita mbele ya wale wawili. Alizunguka zizi lote, njia ndefu, akaja kwa nyuma. Akampa mzee. Kisha akampa Petro, kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, macho yako chini, vile vile kabisa alivyompa mzee, hakupunguza kitu. Nimekaa na Udagwenga miaka yangu yote ya kazi na sijawahi kupewa kitu kwa heshima ile, na wala sistahili.

Petro akapokea kwa mikono miwili. Nilikuwa namtazama usoni. Alielewa. Alielewa kwamba kule kwenye chumvi, na asubuhi mlangoni mwa gari, alikuwa anapewa heshima hii hii. Akanyanyuka kwenye kigoda, kibuyu mkononi, hakujua la kufanya kwa sababu kumshukuru kwa maneno mengi kusingefaa, akasimama tu mpaka mkwe wake alipogeuka na kurudi nyumbani kwa njia ile ile ndefu. Ndipo akakaa, akanywa.

Jumatatu aliongea stendi, kama alivyoahidi. Alichoongea kilituletea wageni mpaka Elias akatafuta gari kubwa zaidi. Na yeye mwenyewe, mpaka alipohamishwa, likizo zikianza alishuka kule na sukari na majani ya chai kwa mzee, na alikaa upande ule ule. Mzee alipofariki, Petro alisafiri kutoka alikokuwa, akafika na gari la usiku, akasimama mazishini na wana wa mji.

Sisi tuliongeza kitu kimoja kwenye kazi, na hiki nawaachia nyie, hasa wewe Paulina unayeninunulia karatasi hizi, na wenzako mnaosema siku hizi mnaweza kwenda kwenye chumvi mmoja mmoja na filimbi shingoni. Msiende mmoja mmoja. Nendeni wawili, mmoja mwenye macho ya ardhi ile na mmoja mwenye majina. Yule mwenye macho msimlazimishe awe na kila kitu. Mimi macho yale sijayapata mpaka leo. Yeye jina lile hatalisema mpaka kaburini. Wawili tulitembeza watu wa mikoa yote kwenye ziwa lisilo na huruma, na kila tuliyemshusha kwenye gari tulimpandisha tena. Nikikaa hapa kwangu na magoti yangu haya, jua la saa nne likinipiga miguuni, hilo ndilo ninalolifikiria, na siombi radhi kwa kujivuna.

Kama kuna aliyekuwepo akaona nimepotoa, aniambie. Labda upepo haukutoka upande wa mlima. Labda kitambaa kilikuwa cha Jenista, si cha Zubeda, ingawa sidhani. Elias atasema hakucheka, msimwamini. Na mkitaka uhakika zaidi shukeni mkamuulize Udagwenga mwenyewe, yuko, ana nguvu kuliko mimi, na mambo ya ardhi anayakumbuka vizuri zaidi. Ila mkimuuliza ni nani aliyeingia kwenye tope siku ile, mpeni muda. Atazunguka, atasema yule mkubwa wa shule, yule wa ziwani kule kwa watu wa ndizi, yule aliyekaa kando ya mzee. Mwacheni azunguke mpaka amalize.